Sera imefaulu au imefeli? Inategemea umeshika kipimo gani

Kila mwaka ikifika Aprili hapa Dodoma, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishatua tu bungeni, kijiwe cha kahawa karibu na ninapokaa kinagawanyika pande mbili. Safari ya mwisho jamaa mmoja alisimama na simu mkononi akasema halmashauri ya kwao imepata hati safi, kwa hiyo viongozi wa kule wanapiga kazi na watu waache kulalamika. Mzee mmoja akamuuliza, sasa mbona mjukuu wangu anaishi huko huko na zahanati ukienda unaandikiwa dawa ukanunue dukani? Wakabishana karibu saa nzima, sauti juu, na mi nilikaa nawasikiliza roho inaniuma kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema kweli, ila kila mmoja alikuja na kipimo chake na hakuna aliyemuuliza mwenzake unapima nini.

Tuanze na hiyo hati maana ndo inachanganya watu wengi. CAG yupo kwenye Katiba ibara ya 143. Akitoa hati inayoridhisha, ile tunayoita hati safi, anasema kwamba hesabu zilizoandikwa zinaonyesha hali halisi ya fedha bila makosa makubwa. Basi, imeishia hapo. Halmashauri inaweza kujenga zahanati mahali ambapo wagonjwa hawafiki, ikatunza kila risiti, ikafuata taratibu zote za manunuzi, na hati ikawa safi kabisa. Ni kama umemtuma mtoto sokoni Majengo, karudi na chenji kamili na karatasi ya mahesabu imeandikwa vizuri, lakini nyanya alizoleta zimeoza. Hesabu huna neno nayo ila jioni hakuna mboga. Upo ukaguzi mwingine unaoitwa ukaguzi wa ufanisi, nao umo kwenye Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, huo ndo unaouliza kama fedha ilitumika kwa uangalifu, kama ilileta tija na kama lengo lilifikiwa. Ripoti zake zinatoka pia ila vijiweni sijawahi kusikia mtu anazigombania, na mi naona tunakosea sana hapo.

Sasa tuelewane maneno kidogo. Sera ni uamuzi wa serikali kwamba tatizo fulani litashughulikiwa kwa njia fulani. Kigezo ni lile jambo unaloliangalia ili useme imefaulu au haijafaulu. Kiashiria ni namba au alama inayokuonyesha hilo jambo limefika wapi. Na lengo ni kiwango unachotaka kufika. Kwa mfano maji vijijini, kigezo kinaweza kuwa watu wasiteseke kwa umbali, kiashiria ni mita kutoka nyumbani mpaka bombani, lengo ni mita 400. Watu wengi wanarukia namba moja kwa moja bila kuuliza ile namba imetoka kwenye kigezo gani na nani alikichagua.

Nenda mnada wa Msalato uone. Ng'ombe mmoja kafungwa pale, wanamzunguka watu watatu. Mwenye bucha anabonyeza mgongo na paja, kichwani anapiga kilo. Anayetafuta maziwa anachungulia kiwele. Anayetaka maksai wa kulimia anaangalia bega na kwato. Ukiwauliza ng'ombe huyu anafaa watakupa majibu matatu na wote watatu wana akili timamu. Sera ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba pale mnadani kila mtu anajua mwenzake anatafuta nini, kwenye sera tunafichana au hatujiulizi kabisa.

Nirudi kwenye maji, maana ndo mahali nilipoelewa hili jambo kwa macho. Sera ya Maji ya mwaka 2002 inasema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka anapoishi, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Ni sera nzuri, vigezo viko wazi, vipo vitatu na kila kimoja unaweza kukipima. Sasa mama yangu mdogo anakaa kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, jina naliacha, na pale kwao kuna DP, yaani kituo cha kuchotea maji, iliyojengwa na ikazinduliwa kwa ngoma na bango likawekwa. Nilienda kumsalimia nikalala, alfajiri saa 10 nikamsikia anatoka na dumu lake la njano kafunga kitambaa chekundu kwenye mkono ili lisichanganyike na ya wenzake. Nikamfuata. Tulikuta madumu yameshapanga foleni wenyewe hawapo, wamerudi kulala. Maji yanafunguliwa saa 1 asubuhi yanafungwa saa 4. Koki zilijengwa mbili, moja imekatika.

Nikatoa simu nikapima, dumu la lita 20 linajaa kwa dakika 2 hivi. Sasa piga hesabu na mimi. Watu 250 mara lita 25 ni lita 6,250 kwa siku, ni madumu zaidi ya 312. Kila dumu dakika 2, hiyo ni zaidi ya saa 10 bila kupumzika. Lakini maji yanatoka saa 3 tu, yaani dakika 180, yaani madumu 90, yaani lita 1,800. Ukigawa kwa lita 25 unapata watu 72. Kituo kile kwenye karatasi kinahudumia watu 250, na kwa kigezo cha mita 400 kimefaulu maana mama mdogo anatembea pungufu ya hapo, lakini kwa kigezo cha lita 25 kinatosha watu 72 na wengine wanaendelea kuchimba mchanga kule korongoni kutafuta maji kama zamani. Nilimuuliza mama mdogo kama anaona mradi umefaulu. Akaniambia, mwanangu, kabla ya hii tulikuwa tunaenda kilomita nyingi na punda, siwezi kusema haujasaidia, ila nikikosa foleni siku hiyo naoga kesho.

Hilo jibu lake lina akili nyingi kuliko ripoti kibao, kwa sababu hakusema imefaulu wala imefeli, alisema imefaulu kwenye nini na imebaki wapi.

Hapa kuna kitu inabidi tukielewe vizuri, kwamba kila sera ina mnyororo. Kwanza fedha inatoka. Pili kazi inafanyika, mkandarasi yuko saiti. Tatu kitu kinaonekana, bomba, darasa, barabara. Nne watu wanakitumia. Tano maisha yanabadilika, binti hachelewi shule kwa sababu ya foleni, kuhara kunapungua, mama anapata muda wa kupalilia. Taarifa nyingi za utekelezaji zinaishia hatua ya tatu. Sidhani kama kila mara ni watu kuwa na nia mbaya, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi unaisha Juni 30, na bomba unaweza kulimaliza na kulipiga picha ndani ya mwaka, lakini kuhara kupungua kunataka miaka na kunataka mtu wa kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo kinachohesabika haraka kinageuka kuwa ndo mafanikio. Ukisikia fedha imetumika asilimia 98, hiyo ni hatua ya kwanza tu, bado una safari ya hatua nne.

Ubaya wa kushika kigezo cha hatua za mwanzo sisi watu wa Dodoma tumeushuhudia zamani sana, kabla hata ya uhuru. Nenda Kongwa. Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula, serikali yao ikaamua ilime karanga Tanganyika kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana, ekari zaidi ya milioni 3, na kazi ikaanza 1947. Kipimo kikawa ekari zilizofyekwa. Mwaka wa kwanza walitaka ekari 150,000, zilizopandwa hazikufika 10,000. Matrekta ya mitumba yakafa, mizizi ya vichaka ikavunja majembe, na ule udongo wa Kongwa, mtu yeyote aliyelima huku anaujua, kiangazi unakauka unakuwa kama saruji. Mvua nayo ni ya kubahatisha. Mwaka 1951 wakafunga, hasara kama pauni milioni 36 za wakati ule. Maafisa walikuwa wanahangaika na ekari, na ekari siyo mafuta. Wangeweka kigezo cha gunia kwa ekari kwenye shamba dogo la majaribio misimu miwili mitatu, wangejua mapema. Wagogo wa pale wangeulizwa wangesema kwa nini wao wanategemea uwele na mtama na mifugo.

Ila angalia na upande wa pili. Mradi huo huo ndo uliosababisha bandari ya Mtwara kujengwa, na Kongwa leo kuna ranchi kubwa ya taifa ya ng'ombe. Kwa kigezo cha karanga umefeli vibaya mno. Kwa kigezo cha vilivyobaki, kuna vitu vinatumika mpaka leo ambavyo hakuna aliyevipanga kwa ajili yetu. Mi siwezi kuuita mafanikio kwa sababu hiyo, kwa sababu ukiruhusu mtu achague kigezo baada ya matokeo kutoka, hakuna sera itakayofeli tena duniani, kila mtu atatafuta kitu kimoja kilichoenda vizuri akishike. Lakini madhara na faida zisizotarajiwa zihesabiwe, zikae kwenye ukurasa wake.

Mfano wa Kondoa ni mgumu zaidi na ndo unaonifundisha mimi kila nikiufikiria. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, watu wanauita HADO, kwa msaada wa Sweden. Eneo la Kondoa lilikuwa limeliwa na mmomonyoko, makorongo marefu, ardhi nyekundu iko uchi. Wakajenga matuta, wakapanda miti, haikutosha. Mwaka 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke eneo lile, ng'ombe mbuzi kondoo, karibu 90,000. Baada ya miaka nyasi zikarudi, miti ikarudi, makorongo yakaanza kutulia, ukipita Kondoa ukaona kijani ungesema hii sera imefaulu, na kwa kigezo cha udongo imefaulu kweli.

Sasa kaa kwenye nyumba ya mfugaji mwaka ule wa 1979. Maziwa ya mtoto yameondoka. Mbolea ya shamba imeondoka. Mahari itatoka wapi. Na wale mifugo hawakuyeyuka, walihamishiwa maeneo ya jirani, kwa hiyo mzigo wa malisho ukaenda kwa watu wengine ambao hawakuhesabiwa kwenye ile ripoti ya kijani. Ilikuja kufikia mwishoni mwa miaka ya 80 ndo wakaruhusu ng'ombe wa maziwa wachache kufugwa bandani, wakikatiwa majani, na hapo udongo na familia wakaanza kupatana. Kwa hiyo ukiniuliza imefaulu nitakuuliza, kwa nani, na mwaka gani? Kigezo cha nani anafaidika na nani anabeba mzigo inabidi kiwepo tangu mwanzo. Na muda nao, mwaka 1980 jibu lingekuwa chungu, mwaka 1995 jibu ni lingine.

Kuna jambo lingine ambalo wataalamu wanalijua ila halisemwi kwa lugha ya kawaida. Mwaka 1975 mchumi wa Uingereza anaitwa Charles Goodhart aliona kwamba namba inayotegemewa kupimia kitu ikianza kutumika kuwabana watu, inaacha kuonyesha ukweli. Alikuwa anaongelea mambo ya fedha lakini shuleni utaliona hata leo. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kigezo kilikuwa watoto waingie, na waliingia kweli, madarasa yalifurika, na kwa mtoto ambaye mzazi wake alikuwa anakosa ada hilo ni jambo kubwa sana mimi siruhusu mtu alidharau. Lakini mtoto kuwa kwenye daftari la mahudhurio na mtoto kujua kusoma ni vitu viwili. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 darasa moja la msingi, wakiwa 120 mwalimu anafundisha migongo.

Basi tukasema tupime ufaulu. Vizuri, ila mwalimu mkuu akijua atahukumiwa kwa asilimia ya ufaulu peke yake, unakuta shule nyingine mtoto anayesuasua anakaririshwa darasa au mzazi anaitwa anashauriwa amhamishe, asilimia inapanda, yule mtoto kapotea. Namba imependeza na elimu haijasogea. Ndo maana kigezo kimoja hakitoshi, kinahitaji mwenzake wa kukilinda. Ukipima ufaulu pima na wangapi walioanza darasa la kwanza wamefika la saba. Ukipima idadi ya DP pima na saa ambazo maji yanatoka.

Halafu kuna swali la sifa, ni sera iliyofanya au kitu kingine? Huku kwetu mvua ikikubali, hata asiyeleta mbegu bora anavuna, na mwaka wa ukame hata mradi mzuri unaonekana takataka. Kama mradi wa mtama umeanza mwaka wa mvua nzuri usifurahie haraka, angalia kata ya jirani ambayo haikupata mradi. Wao wamevuna gunia ngapi? Tofauti kati yenu na wao ndo iko karibu na kazi ya mradi.

Na wastani, jamani. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, miaka mitano kabla ya 2025 iliyolengwa kwenye Dira ya Maendeleo ya Taifa. Watu wakabishana sana, wengine wanasema uongo mbona mfukoni sina kitu. Haikuwa uongo. Ile namba ni pato la taifa linagawanywa kwa idadi ya watu. Chukua watu 10 kijiweni kila mmoja ana shilingi 5,000, akaja tajiri ana milioni 1 akakaa. Wastani unaruka unakuwa zaidi ya 95,000 kwa kila mtu na hakuna aliyeongezewa hata mia. Namba inajibu swali la uchumi wote una ukubwa gani ukigawanywa sawa. Kama swali lako ni mkulima wa zabibu Hombolo anaishije, inabidi uulize kitu kingine.

Hata makao makuu kuja hapa. Uamuzi ulipita 1973, Bunge likahamia miaka ya 90, serikali yenyewe ikaanza kuja kwa kasi 2016, na 2018 Dodoma ikawa jiji. Kama kigezo ni wizara kuwepo, nenda Mtumba kwenye mji wa serikali kaone majengo. Kama kigezo ni mtu wa Kigoma au Singida kupata huduma bila kufika Dar es Salaam, hilo lipimwe kwa safari zake na nauli yake. Na kama kigezo ni mpangaji wa chumba kimoja Chang'ombe kuishi vizuri zaidi, mimi ninayelipa kodi hapa najua kwamba jibu lake haliko kwenye idadi ya maghorofa.

Kwenye mashirika ya kimataifa kuna vigezo vinatumika sana, vilianza 1991 na vikaboreshwa 2019, sasa ni sita. Kwa lugha yetu: je, sera inagusa shida halisi ya watu, je, inapatana na sera nyingine au zinagombana, je, imefikia ilichoahidi, je, imetumia vizuri fedha na muda, je, imebadilisha nini kwa jumla kwa mazuri na mabaya, na je, itaendelea mfadhili akiondoka. Ni vizuri, ila sikushauri uvibebe vyote kila mahali. Mimi kwa mradi wa kijijini nachukua vitatu tu: imetatua shida ile iliyosemwa mwanzoni, nani kaachwa, na baada ya miaka mitatu itakuwa inafanya kazi? Hicho cha tatu ndo kinaua miradi yetu, pampu ya sola inakufa kwa kifaa cha bei ndogo na hakuna aliyetenga hela ya fundi.

Na mahali pa kuviuliza papo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kukaa angalau kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanasomwa pale. Dira ya 2050 ilizinduliwa hapa hapa Dodoma Julai 2025, ina malengo makubwa mpaka uchumi wa dola trilioni 1, na miradi yake itashuka mpaka vijijini, kwa hiyo vigezo vya huku chini vinatakiwa kuandikwa kwenye muhtasari wa kijiji kabla mkandarasi hajafika. Mama mdogo mkutano uliopita alinyoosha mkono. Hakuuliza hela imeliwa na nani. Alisema kwenye ripoti ya maji kila mwezi iongezwe safu moja tu, bomba limetoa maji saa ngapi kwa siku. Mtendaji akasema fomu haina sehemu hiyo. Kina mama wakamwambia achore mstari kwa kalamu, na akauchora pale pale mezani wakimtazama.